Huku mgombea ndiye anayeomba

Sanduku langu la barua hapa Houston halipumziki. Bili mbili, tangazo la piza, zilizobaki zote ni wanasiasa wanaomba hela. Si kura, hela. Jana mmoja amekosea jina langu, akaniita mzalendo mwenzake, kisha akataka dola 15 kabla ya saa sita usiku, eti nchi inaangamia. Hata uraia sina! Kero tupu. Ila nikikumbuka kwamba nilikokulia mimi, Tanzania, mgombea akikutumia kitu basi ni khanga na sahani ya ubwabwa, nabaki nacheka peke yangu kama chizi.

Najua mtakachosema. "Mbeba boksi kaanza." Sawa, nabeba. Boksi langu mimi ni wazee: nawaogesha, nawapa dawa, nawasikiliza. Na mmoja wao ndiye kanifungua macho kwenye hili.

Bibi huyu ana miaka 80 na ushee, mzungu, Republican wa kufa na kuzikana. Barua ambazo mimi nazichana, yeye anazifungua kwa kisu cha siagi, anazisoma mpaka sahihi ya chini, anapigia mstari palipomuudhi. Halafu anavuta kitabu cha hundi. Dola 10 hapa, 20 pale. Bahasha ya kurudishia imeshalipiwa, lakini yeye anabandika stempu yake juu ili kuwapunguzia gharama. Vidole vinatetemeka, stempu inakaa upande. Anafanya hivyo tangu enzi za Rais Reagan, miaka ya themanini. Na kiyoyozi hataki tukiwashe kabla ya saa nane mchana kwa sababu ya bili! Lakini akimpigia simu mbunge wake, sauti inabadilika. Anafoka kama mwenye duka aliyemkuta muuzaji kalala.

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Yeye katoa, sisi tunapokea. Mkono mtupu haulambwi, tunasema, tukiwa kwenye foleni ya fulana, na mwenye fulana akishapita hatumwoni miaka mitano. Tumdai nini? Ameshatulipa.

Hawa wahafidhina wa chama cha bibi, Republican, hawakushushiwa ushindi kutoka mbinguni. Mwaka 1964 mgombea wao wa urais, Barry Goldwater, alipigwa vibaya na Rais Lyndon Johnson wa chama pinzani cha Democrat: majimbo 6 kati ya 50, kura asilimia 38 na kidogo. Wengi waliamini wamezikwa. Kijana mmoja wa Texas, Richard Viguerie, akaenda ofisi ya Karani wa Bunge la Wawakilishi, ambako kisheria majina ya waliomchangia Goldwater dola 50 na zaidi yalikuwa wazi kwa umma. Yeye na wasaidizi aliowaajiri wakayanakili kwa mkono, zaidi ya 12,000. Mtaji wake ukawa orodha ya watu walioshindwa! Akawaandikia barua za kuomba michango tena na tena, kompyuta zikaingia, orodha ikavimba. Mwaka 1974 sheria ikaweka ukomo wa dola 1,000 kwa mtu mmoja kumchangia mgombea katika uchaguzi mmoja. Tajiri akabanwa, bibi mwenye dola 15 akawa lulu.

Mwaka 1978 wakashindwa kuzuia mikataba ya kuikabidhi nchi ya Panama mfereji uliokuwa chini ya Marekani, Seneti ikaipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32. Hawakulia. Kampeni ile ya barua iliwaletea majina mapya kibao. Mwaka 1980 Reagan akabeba majimbo 44, na maseneta wakongwe wa Democrat kama George McGovern na Frank Church waking'oka siku hiyohiyo. Mwaka 1994 wakalichukua Bunge la Wawakilishi, lililokuwa mikononi mwa Democrat kwa miaka 40. Toka kichapo cha Goldwater mpaka hapo ni miaka 30. Kwetu mtu akikatwa jina kwenye kura za maoni, jioni yuko chama kingine na kadi mpya mkononi, anapigwa picha.

"Kumbe umekuwa Republican!" Jamani. Mimi ni mweusi, na ninajua Goldwater aliipigia kura ya hapana Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, mwaka uleule wa 1964. Viguerie huyohuyo alikuja kumchangishia George Wallace, yule gavana wa Alabama aliyeapa ubaguzi utadumu milele. Barua zao zilipikwa kwa hofu: wanakuja kuchukua bunduki yako, wanakuharibia mtoto shuleni, wanagawa mfereji wetu. Na sehemu nono ya pesa iliishia kwenye karatasi, stempu na ada za wenye biashara hiyo. Bibi wa watu anajibana kiyoyozi, mwenye biashara ananunua farasi. Hayo yote nayaona. Tena sera zao zilitufikia mpaka kwetu, kupitia masharti ya wakubwa wa Washington, Benki ya Dunia na IMF, na waliougua miaka ya tisini wanakumbuka dirisha la "uchangiaji" hospitalini. Ila mambo si nyeusi na nyeupe, maana hata sheria ya bahati nasibu ya viza iliyonileta huku ilisainiwa na Republican, Bush baba, mwaka 1990.

Sisifii walichokitaka. Nasifia kwamba walikilipia wenyewe, dola kumi kumi.

"Sisi hatuna hela za kuwachangia wanasiasa." Hii ndiyo inayonipandisha presha. Mtanzania huna hela ya mchango? Wewe? Kadi ya harusi ya mtoto wa jirani wa shangazi inakufikia, mtu mmoja elfu 50, wawili laki, na mweka hazina wa kamati anakusumbua WhatsApp kuliko huyo Viguerie. Jina lako linabandikwa kwenye grupu, ahadi upande huu, ulicholipa upande ule, mpaka aibu inakulipisha. Hakuna anayetushinda kuchangisha duniani! Na Machi 2020, viongozi wa CHADEMA walipotozwa faini ya milioni 350, si watu walichanga? Walichanga, tena haraka. Nilijivunia mpaka nikamwonyesha bibi kwenye simu, akataka kujua wana anwani ya posta. Lakini mtaona wenyewe: mchango ule ulikuwa wa kumtoa mtu jela. Wa kumpeleka mtu bungeni, tunataka atupe yeye.

Msinijibu kwamba ni umaskini. Umaskini naujua, nimeula. Bibi wa kijijini kwetu anatoa sadaka kila Jumapili na hakuna anayemwambia hana uwezo.

Sasa binamu yangu anataka udiwani. Kijana mzuri, ana kichwa, anaijua kata yake mtaro kwa mtaro. Juzi kanitumia bajeti: fulana 200, mchele, mafuta ya bodaboda, spika za kukodi, "wazee wa mtaa" (hapo hakufafanua). Nikamwandikia: bajeti nimeiona, mbona sioni mstari wa michango ya wananchi?

Akajibu palepale: "Kaka, si ndiyo wewe?"