Wingu la Sebuleni

Simu yangu ilikuwa haipigi picha tena. Kila nikibonyeza inaniambia nafasi imejaa. Imejaa nini? Maua ya "asubuhi njema" kutoka kundi la ukoo, video 14 za shemeji akikata keki ileile, na picha za risiti za Luku. Mama watoto ndiyo kabisa, hafuti kitu. Ana sufuria ya pilau ya Idi ya 2019, imepigwa kila upande kama ushahidi wa mahakamani. Ukimwambia afute anakuuliza, "Ikifika siku tukaihitaji?"

Nikashuka Kariakoo kutafuta flashi. Kijana wa duka akanicheka kwa heshima.

"Mzee wangu, flashi ni mambo ya zamani. Chukua hiki kisanduku cha diski. Unachomeka kwenye ruta, nyumba nzima inatunza vitu humo: simu, kompyuta, mpaka tivii inasoma. Ni wingu lako mwenyewe, kama zile hifadhi za intaneti, ila hulipi kila mwezi. Terabaiti 2 hizo."

Nikauliza kama inadumu. Akanifungulia kwenye simu maoni ya wateja wengine. Mmoja katoa nyota tano: "Imefika haraka, boksi zuri, bado sijaifungua." Chini yake mwingine katoa nyota moja: "Waranti miezi 12, imekufa mwezi wa 13." Mimi nikamwamini wa kwanza. Nikahesabu laki tatu na ishirini, nikaondoka na mfuko nimeukumbatia kama nimebeba mtoto mchanga kwenye mwendokasi.

Kosa langu kubwa sikulifanya dukani lakini. Nililifanya kijiweni, kwenye kahawa, nilipopita na kujitapa kwamba sasa nina wingu langu nyumbani. Wakaniuliza litanyesha lini. Ila jirani yangu mmoja hakucheka. Alitulia, akauliza bei.

Nimefika, nimechomeka, taa ya bluu imewaka, nafungua kompyuta: terabaiti 1.81, si 2. Nikapiga simu Kariakoo kabla chai haijapoa.

"Mzee, ndiyo mbili hizo hizo. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Hakuna kilichopotea."

Hakuna kilichopotea! Wakulima wanalia na lumbesa, gunia linajazwa mpaka linaota kichwa. Mimi nimeuziwa lumbesa ya kinyume, kichwa kipo kwenye maandishi ya boksi na pengo liko ndani. Na huyu kijana ananieleza kwa sauti laini, kama anayetoa pole msibani.

Haya, tukaanza kuhamisha picha. Gigabaiti 300, kwa Wi-Fi. Kompyuta ikasema zimebaki saa 9. Nikaenda kuoga, narudi zimebaki siku 2. Nikala, narudi zimebaki saa 6. Ni konda wa daladala anayekwambia "tunaondoka sasa hivi" huku anaita abiria. Mpwa wangu, anayesomea mambo haya chuoni, akaja akaangalia.

"Mjomba, tumia waya. Ila hata kwa waya, ruta yako ni ya megabiti 100."

"Si mia hizo? Mia ni nyingi."

"Biti, mjomba. Biti nane ndiyo baiti moja. Hapo hupati zaidi ya megabaiti 12 na nusu kwa sekunde."

Kwa hiyo na yeye ana mizani yake. Nimeishi miaka 50 nikidhani tarakimu ni tarakimu. Tukaweka waya, ikachukua saa saba hivi, na waya wenyewe una urefu wa mita moja, kwa hiyo saa saba zote nimekaa kwenye stuli kando ya kabati la tivii, kompyuta mapajani, watoto wananiruka wakienda chooni.

Sasa mama watoto hawezi kuona kitu kinawaka taa sebuleni akakiacha uchi. Redio ina kitambaa cha kufuma, tivii ina kitambaa, hata rimoti ilishonewa. Asubuhi nakuta kisanduku kimevikwa cheupe chenye pindo la waridi, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Nilipokigusa nilidhani nimegusa pasi. Matundu ya hewa yote yamezibwa! Nikamweleza kwamba ndani kuna diski inazunguka mara 5,400 kwa dakika, inahitaji kupumua. Akasema wageni wakija wataona nini. Tukapatana kitambaa kivaliwe Jumapili tu.

Halafu umeme. Siku ile umekatika mara nne. Umeme ukirudi, friji linarudi, feni inarudi, kisanduku kinarudi lakini hakionekani popote. Kumbe kila kifaa kinapewa anwani na ruta, na hiki asubuhi kilikuwa namba 7, jioni kimekuwa namba 12. Kimehama usiku bila kuaga, kama mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi mitatu. Mpwa akakipa anwani ya kudumu. Nikashukuru. Usiku wa saa tisa taa ikageuka nyekundu, kikaanza kulia pii, pii, pii. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Nikakichomoa.

"Usichomoe hivyo mjomba! Ndiyo unavyoiua diski."

"Sasa umeme unapokatika, huwa unakiaga kwanza?"

Akakaa kimya. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijamsamehe.

"Nakala ya pili iko wapi?"

"Nakala ya nini? Hii si ndiyo nakala?"

"Kwenye simu umezifuta?"

"Nimezifuta. Ndiyo maana nilinunua."

"Basi hii si nakala, mjomba. Hizo ndizo picha zenyewe. Na zipo kwenye diski moja."

Kisha akaongeza, kana kwamba nilikuwa nalala vizuri mno, kwamba Juni 2021 watu nchi mbalimbali waliamka wakakuta visanduku vyao kama hivi ni vitupu, vimefutwa kupitia intaneti, na kampuni ilikuwa imeacha kuvihudumia tangu 2015. Nikamuuliza kwa nini wanawafundisha watoto wa watu habari za kutisha. Nikanunua flashi. Ile ile niliyoifuata Kariakoo siku ya kwanza. Pilau ya 2019 sasa iko humo, ndani ya kopo la majani ya chai, mama watoto ndiye mwenye ufunguo wa kabati.

Jumamosi jioni hodi. Jirani wa kijiweni, ana boksi mkononi, anatabasamu meno yote.

"Jirani, nimechukua kama yako! Umenishawishi mwenyewe. Ila nikuulize, mbona inasoma 1.81? Nimeibiwa?"

Mama watoto akaniangalia kutoka jikoni, mwiko umesimama hewani. Anasubiri aone nitasema nini.

"Hujaibiwa," nikamwambia, na nikaisikia sauti yangu imelainika kama ya yule kijana wa duka. "Kiwandani wanahesabu kwa elfu, jirani. Umenunua kitu cha maana sana."

"Na hiyo inayolia pii pii huko ndani?"

"Hiyo? Inakukaribisha."