Radi za Tabora: tuanze na waya wa pailoti au koili ya breka?

Masika ya Tabora huja na radi, na radi inapopiga laini ya umeme, kila kitu huishia kwenye swali moja: breka, yaani swichi kubwa ya kukata umeme wa laini, itatripu (itakata) au haitatripu? Pesa za ukarabati hazitoshi, kwa hiyo hoja mbili zinagombania fungu lile lile.

Wapo wanaotaka mawasiliano ya rilei, vifaa vinavyogundua hitilafu na kuiagiza breka ikate, yaboreshwe kwanza. Charles Merz na Bernard Price walibuni njia hiyo Uingereza mwaka 1904: rilei za ncha mbili za laini hulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka. Ukitofautiana, hitilafu iko katikati, na breka za pande zote mbili hukata mara moja bila kusubiriana. Habari hupita kwenye jozi ya nyaya za shaba, yaani waya wa pailoti. Ni ulinzi mzuri sana, ila waya wenyewe ni dhaifu. Katika aina moja ya mfumo huo, ile ya mkondo unaozunguka kwenye waya huo, waya ukikatika breka inaweza kutripu bila hitilafu yoyote. Nyaya mbili zikigusana, rilei hupofuka. Kwa hiyo hupitishwa mkondo mdogo wa kuuchunguza, au inawekwa faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, ambayo radi haiisumbui na mwizi wa shaba haihitaji.

Kwa huku kwetu, hata hivyo, umbali unaipunguzia nguvu hoja hiyo. Waya wa shaba hufaa kwa kilomita ishirini na kitu. Tabora hadi Urambo ni zaidi ya 80. Shaba inabaki ya kebo fupi za mjini tu.

Upande wa pili unaangalia mwisho wa safari. Rilei ikishaamua, hupeleka umeme wa betri, mara nyingi volti 110 za DC, kwenye koili ya kutripu, yaani sumaku ya umeme inayoifyatua breka ikate. Fiuzi imeungua? Skrubu ya terminali imelegea? Hakuna atakayejua hadi siku ya hitilafu. Kifaa cha kuichunga saketi hiyo hupitisha miliampia chache saa zote, kidogo mno kuweza kuiamsha koili. Zikikatika, kengele inalia. Wapinzani wanasema kifaa hicho nacho ni kitu cha kuharibika, na kikifungwa vibaya kinaweza kutripu breka chenyewe. Ni kweli, ndiyo maana rezista inayoupunguza mkondo wake hugawanywa mara mbili, moja ikipata shoti nyingine izuie. Kweli pia kwamba kinaona waya tu. Mtambo wa breka ulioshikwa na kutu hakiuoni.

Hata hivyo mimi ningeanza na koili. Pailoti ikifa, rilei ya akiba itakata, ingawa kwa kuchelewa. Koili ikifa, na breka haina koili ya pili, rilei kuu na ya akiba zote zinaagiza breka isiyosikia, na kazi inabaki kwa breka ya mbali itakayozima wilaya nzima. Ila kengele iunganishwe hadi kwa fundi wa zamu mjini. Ikilia ndani ya kituo kisicho na mtu usiku, koili itakuwa imekufa vilevile.