Kipokezi cha Hichi Nyuma ya Trela la Kulala: Chuma Kinakubali, Mizani Inasitasita

Mpelekee fundi yeyote wa Katwe, Kampala, trela lako la kulala, umwonyeshe picha ya kipokezi cha hichi, lile bomba la mraba ambamo kibebeo cha baiskeli huchomekwa na kufungwa kwa pini, naye atakuambia kazi itakwisha kabla ya chakula cha mchana. Hadanganyi. Kuchomelea bomba nyuma ya fremu ni kazi ndogo. Kinachowagawanya wenye matrela ni yale yanayofuata, trela linapopanda matuta ya barabara ya Masaka au kukwea milima kuelekea Sipi huku baiskeli nne zimetandazwa mkiani.

Wanaotaka kipokezi wana hoja nzito. Anayekwenda kuendesha baiskeli Ziwa Mburo, kando ya Nile kule Jinja au kwenye vijia vya Kalangala anahitaji baiskeli yake mwenyewe, na nafasi ya kuiweka ni finyu. Ndani ya trela, mnyororo wenye grisi hukutana na godoro. Nyuma ya pikapu kumeshajaa friji, madebe ya maji na mafuta ya akiba. Juu ya paa la Land Cruiser, baiskeli hunyanyuliwa zaidi ya mita mbili kutoka chini, na matawi ya njiani hayana adabu. Ukitazama trela zima, ukuta wa nyuma ndio mahali pekee palipo wazi. Kwa hiyo wazo hili linawajia watu wenye akili timamu, na kulikataa kwa kusema tu kuwa ni hatari hakutoshi.

Wanaopinga huanzia kwenye mizani, na hapo ndipo walipo na nguvu. Tuchukue trela la ekseli moja lenye kilo 1,200 likiwa limepakiwa, pua yake, yaani ncha ya mbele, ikiulemea mpira wa kuvutia ulio nyuma ya gari kwa kilo 110. Kutoka kwenye mpira hadi ekseli ni mita 4.2; kutoka ekseli hadi mwisho wa fremu ni mita 2.2. Baiskeli nne za milimani za kilo 15 kila moja, pamoja na kibebeo cha kilo 25, ni kilo 85, na kitovu cha mzigo huo kinakaa kama sentimita 60 nyuma ya fremu, yaani mita 2.8 kutoka ekseli. Trela hufanya kazi kama bembea ya ubao: kinachoshuka nyuma kinanyanyua mbele. Zidisha 85 kwa 2.8, gawa kwa 4.2, unapata karibu kilo 57 zilizotoka puani. Pua imebaki na kilo 53 wakati trela zima sasa lina 1,285, sawa na asilimia 4 tu. Marekani hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikae puani. Uingereza, penye karavani nyepesi, huridhika na 5 hadi 7. Mfano wetu umeanguka chini ya vipimo vyote viwili. Nayo ekseli haikuongezewa kilo 85 kama wengi wanavyodhani, bali 142, kwa kuwa imepokea na zile zilizohama kutoka puani. Kama matairi na springi vilikuwa tayari karibu na kikomo, hapo vimevuka.

Jibu la upande wa pili ni kwamba uzito unaweza kupangwa upya, na ni kweli. Madebe mawili ya maji ya lita 20 yakitolewa kwenye sanduku la nyuma, mita 2 nyuma ya ekseli, na kupelekwa mbele mita 2.5 kabla ya ekseli, yanairudishia pua karibu kilo 43. Tunafika kilo 96, asilimia 7.5. Kwa trela la muundo wa Ulaya hilo linakubalika. Lakini kuna kitu ambacho madebe hayakirekebishi. Ugumu wa kulituliza trela lililoanza kupiga mkia, yaani kuyumba kushoto na kulia, hukua kwa mraba wa umbali: mzigo uleule wa kilo 85 ukiwa mita 2.8 kutoka ekseli huupa mkia ukaidi zaidi ya mara 30 kuliko ukiwa nusu mita. Pua inaweza kupima vizuri na bado, lori likikupita kwa kasi mteremkoni, mkia ukaanza kucheza na kuchelewa kutulia. Watu hupima pua, wakaridhika, wakasahau hili.

Pua yenyewe ipimwe, isikadiriwe. Mizani ya bafuni inatosha. Weka ubao imara, upande mmoja juu ya kipande cha bomba kilicholazwa kwenye tofali, upande wa pili juu ya kipande kingine kwenye mizani, umbali kati ya vipande hivyo ukiwa sentimita 90. Soma uzito wa ubao wenyewe na uutoe. Kisha shusha pua ya trela, likiwa limesimama sawasawa na magurudumu yamezibwa, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Zidisha kinachosomeka kwa tatu. Pima kabla ya baiskeli, na tena baada ya kuzipakia.

Kisha kuna mshtuko. Gari likipanda tuta, kiti cha dereva husogea kidogo. Mwisho wa trela, ulio mbali na ekseli, hurushwa na kuangushwa. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa vibebeo hukataa kabisa bidhaa zao kufungwa nyuma ya trela, na wengine hupunguza uzito unaoruhusiwa. Kabla ya kununua, soma kijitabu cha kibebeo. Kile cha kuning'iniza baiskeli kwa bomba la juu hakifai hapa. Chukua cha jukwaa, ambacho magurudumu hukaa kwenye mifereji na kufungwa kwa mikanda. Na yeyote anayependekeza kufunga kibebeo kwenye bampa la trela la Kimarekani, lile bomba la mraba la inchi 4 linalofichwa ndani yake hosi ya maji machafu, asisikilizwe. Ukuta wake ni mwembamba, na huchanika kwenye viungo vyake vya weldi.

Suala la fremu ndilo hasa linaloamua, na matrela tunayoyaona Uganda hayafanani. Karavani za Uingereza huja juu ya chesisi nyepesi iliyopakwa zinki. Watengenezaji wake AL-KO, kwa mfano, wanakataza chesisi zao kutobolewa au kuchomelewa. Ukiwa na hiyo, mjadala umekwisha: tumia matundu yaliyoachwa kiwandani kama yapo, la sivyo acha. Matrela ya Kimarekani (ambayo hapa kwetu, tukiendesha kushoto, mlango wake hufungukia upande wa magari yanayopita) mara nyingi yana mihimili mirefu yenye ubavu mwembamba. Yale ya safari za porini kutoka Afrika Kusini na yale yanayoundwa hapahapa kwa chaneli nzito (vyuma vyenye umbo la U) ndiyo yanayovumilia kazi hii vizuri zaidi. Ajabu ni kwamba trela lenye sura ya kishamba kabisa ndilo linaloweza kupewa kipokezi bila wasiwasi mwingi.

Tukikubali kuendelea, kosa la kawaida ni kuchomelea kipokezi kwenye bomba moja la kukingama. Kilo 85 zikiwa sentimita 60 nyuma zinatoa nguvu ya kupinda ya takriban nyutoni-mita 500 trela likiwa limesimama. Kwenye tuta au shimo inaweza kuwa mara mbili au tatu ya hiyo. Bomba moja linapokea yote kwa kusokotwa, na kusokotwa huku na huko ndiko kunakozaa ufa. Kipokezi kinapaswa kushika mabomba mawili ya kukingama. Kiendelee mbele chini ya sakafu kwa sentimita 80 hadi mita moja, kifungwe kwenye bomba la nyuma na kwenye la pili. Hapo msokoto unageuka kuwa nguvu mbili, moja ikivuta chini na nyingine ikisukuma juu, za nyutoni 625 kila moja katika mfano wetu, jambo dogo kwa chuma.

Vipimo vinavyofaa: bomba la mraba la milimita 60 kwa 60 lenye unene wa 4, ambalo ndani yake hubaki milimita 52, kwa kibebeo cha inchi 2, yaani milimita 50.8. Pengo linalobaki litagonga kila tuta, kwa hiyo weka bolti ya kubana pembeni au kikazio cha hichi. Pini ni ya milimita 16, na mahali inapopita ongeza bamba la milimita 6 kila upande, maana tundu lisiloimarishwa hurefuka na kuwa yai. Mabomba ya kukingama yawe milimita 75 kwa 50, unene 3 au zaidi. Pima unene kwa kalipa dukani, usiamini maandishi ya chaki. Nusu milimita iliyopungua kwenye 3 ni sehemu ya sita ya ukuta.

Bolti au weldi? Kwa chesisi inayoruhusu kutobolewa, bolti zina faida: zinakaguliwa, zinafunguliwa, na hazipiki chuma cha fremu. Bamba la milimita 8 kila upande, bolti nne za M12 (kipenyo milimita 12) za daraja la nguvu 8.8, nati zenye nailoni, zikazwe kama nyutoni-mita 80. Toboa ubavu wa mhimili, kamwe si ukingo wake wa juu au wa chini, kwa sababu kingo hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya nguvu ya kupinda. Fremu ikiwa ya bomba, weka ndani kijibomba cha kuzuia kuta zisikunjamane bolti zinapokazwa. Ukichagua weldi, mstari uende kwa urefu wa mhimili. Weldi inayokata ukingo wa chini kwa upana ni kama kuchora mahali pa kukatikia. Vijiti vya kuchomelea vya E6013 vinavyotumika karibu kila karakana vinashika, ila kwa kiungo kinachotikiswa E7018 ni bora, mradi viwe vikavu. Kijiti cha milimita 2.5 kinatosha, kile cha 3.2 hutoboa ukuta mwembamba.

Kabla ya cheche ya kwanza, toa mitungi ya gesi, ondoa waya za betri, na kamatisha waya wa ardhi karibu kabisa na weldi ili umeme usipite kwenye beringi za magurudumu. Juu ya fremu kuna mbao na sponji; mtu akae ndani na maji. Zinki isagwe kwanza, kwani moshi wake humwachia fundi homa usiku.

Mambo mengine huja baadaye na husahaulika. Baiskeli hufunika taa na namba, kwa hiyo funga ubao wa taa wenye breki, viashiria na namba nyuma ya kibebeo. Mkia mrefu huburuzika: kwa vipimo vyetu, fremu ikiwa sentimita 45 kutoka chini, pembe ya kuondokea, ile iliyo kati ya ardhi na mstari kutoka gurudumu hadi ncha ya mkia, inashuka kutoka digrii 12 hadi chini ya 9, na ngazi ya feri ya Bukakata, iendayo Kalangala, ni mahali pazuri pa kuligundua hilo kwa gharama. Vumbi nalo. Nyuma ya trela hewa huzunguka na kurudisha murram yote iliyotimuliwa, ikaingia kwenye beringi za usukani na mnyororo. Funika gia na mnyororo tu. Turubai la baiskeli nzima linageuka tanga.

Kibebeo cha mbele, juu ya pembetatu ya pua, kinasifiwa sana na wapinzani. Kinapunguza hatari ya kupiga mkia, lakini mzigo uleule ukiwa sentimita 90 nyuma ya mpira unaongeza kilo 67 puani. Ile 110 inakuwa 177, na mipira mingi ya kuvutia haikuruhusiwa uzito huo. Kwenye kona kali za Kabale, usukani wa baiskeli unaweza kulifikia gari.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu: baiskeli mbili nyepesi kwenye kipokezi kilichoshika mabomba mawili, fremu ya chaneli nzito, pua iliyopimwa, kasi isiyozidi kilomita 80 kwa saa, sawa. Baiskeli nne kwenye trela la ekseli moja, hapana, hata kama chuma kinaweza. Zile nyeusi za chuma za kubebea matoke zinakaribia kilo 20 kila moja au kuzidi, na mbili za umeme zinaweza kufika kilo 50; hesabu kilo, usihesabu baiskeli. Nne zikiwa lazima, mbili ziende na gari.

Ukitoka Kampala kwenda magharibi, simama Kayabwe, ushike spana ukaze bolti upya, kwa kuwa rangi iliyobanwa chini ya bamba husagika na kulegeza kila kitu katika kilomita za kwanza. Kisha piga magoti utazame miguu ya weldi, pale inapokutana na chuma: mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi mpya ni ufa. Ndani, chungulia pembe ya sakafu na ukuta wa nyuma. Pakianza kuachana hapo, maji ya mvua yatafuata, na kibebeo kishuke siku hiyohiyo.