Marehemu Yuko Chumbani

Kuna filamu za watu kukimbizana juu ya mapaa, na kuna filamu za mtu kuosha vyombo mpaka vikauke ukimwangalia. Mimi ni wa hizo za pili, na hapa mtaani kwetu Ilomba nimeshachoka kujitetea. Kijana anayeniwekea muvi kwenye flashi kila mara huniuliza, "Braza, sasa hii wanaanza kupigana dakika ya ngapi?"

Ya Jumapili ile ndiyo mama yao. Inaitwa Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Jina zima ni anwani. Ukitaka, unaibandikia stempu na kuitumia barua. Aliitengeneza Mbelgiji, Chantal Akerman, ikaanza kuonyeshwa mwaka 1975 akiwa hajafikisha hata miaka 25. Ina saa 3 na dakika 21. Mwaka 2022 jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound liliwauliza wahakiki wa dunia nzima filamu iliyo bora kuliko zote, hii ikashika namba moja, na ndiyo mara ya kwanza filamu iliyotengenezwa na mwanamke kukalia kiti hicho. Humo ndani kuna mama mjane wa Brussels na siku zake tatu. Anapika, anatandika, anang'arisha viatu vya mwanawe, anamenya viazi. Na kila alasiri anapokea mgeni wa kiume, wanaingia chumbani, mlango unafungwa. Mgeni akitoka anaacha pesa, mama anaziweka kwenye bakuli la supu la mezani, anafunika.

Hapo kwenye mgeni ndipo palipokuwa na kazi.

Mpango wangu ulikuwa niitazame peke yangu, kwa sababu mke wangu alikwenda kwenye kikao cha harusi, na kikao cha harusi cha Mbeya ukikisikia kinaanza saa nane ujue saa nane ndipo watu wanaoga. Lakini Jumamosi mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Isongole na viroba viwili vya viazi, kilo 25 kila kimoja. Kimoja chetu, cha pili cha shemeji wa Mbagala, kipakiwe basi la Dar alfajiri ya Jumatatu. Hicho cha pili kilishonwa vizuri na kuandikwa namba ya simu kwa makapeni.

Na mama mkwe akikaa sebuleni huondoki ukamwacha na kuta. Ilikuwa Juni, baridi ya Mbeya imeshachukua nchi. Alijifunika blanketi, akakunja miguu kwenye kochi, akatulia.

"Baba Neema, hiyo haijatafsiriwa?"

"Hapana mama. Lakini hawaongei sana."

"Mtu mzima haongei?"

"Yuko peke yake, mama."

"Si awashe hata redio."

Akaja mgeni wa kwanza. Wakaingia chumbani. Kamera ikabaki koridoni, mwanga ukafifia, mgeni akatoka, pesa zikaingia kwenye bakuli. "Na huyo baba?" Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mtafsiri nilikuwa mimi.

"Mpangaji, mama. Ameleta kodi."

"Mm."

Siku ya pili ya filamu akaja mwingine. "Kumbe nyumba ina wapangaji wengi," alisema mama mkwe, nikaitikia kwamba ndiyo, mjini Ulaya nyumba ni ghali. Sasa siku hiyo mambo yalianza kumwendea mrama yule mjane. Viazi vilikaa jikoni kupita kiasi, akawa anazunguka na sufuria nyumba nzima, hajui pa kuiweka. Mimi najua mashabiki wenzangu ambao hapo ndipo husinzia. Mama mkwe alikaa wima.

"Ameviharibu. Leo ana mawazo huyu. Na mfuniko je? Hajafunika bakuli la pesa!"

Kuhusu mfuniko ule wahakiki wameandika kurasa na kurasa. Yeye aliuona papo hapo, tena miwani ikiwa imebaki Isongole.

Kisha mjane akaketi kumenya viazi vingine, kamera inamtazama usoni, hakuna muziki, ni kisu na ganda tu. Mama mkwe alivumilia kidogo, uvumilivu ukaisha. "Hivi ndivyo wanavyomenya? Anamenya kama anachonga mwiko! Ganda nene hivyo, kwetu binti anarudishwa kwao. Nileteeni kisu."

Mpwa wangu wa kidato cha pili akatumwa stoo kuleta viazi. Akaburuta kiroba kilichokuwa mbele, akakifungua, akakimbilia mpira. Mama mkwe akaanza kumenya akimwelekeza yule mama wa kwenye TV: kisu kilalie, kidole gumba kiongoze, ganda litoke refu na jembamba mpaka uone mwanga upande wa pili. Na kweli lilikuwa linapitisha mwanga.

Jirani akaja kumsalimia. Akaona mgeni anafanya kazi. Nani atakaa mikono mitupu? Akachukua kisu. Akaja wa pili na binti yake. Kila aliyeingia aliuliza, "Huyu mama ana nini?" na kujibiwa, "Nyamaza, ana mawazo," kisha anapewa kisu. Filamu ikaenda, mikono nayo ikaenda. Beseni likajaa, likaja beseni la pili, ikaja ndoo ya kuogea. Nami, wallahi, macho yangu yalikuwa kwenye saa, maana siku ya tatu nilikuwa naijua. Siku ya tatu kamera haibaki koridoni. Inaingia chumbani.

Nikaomba umeme ukatike. Umeme unaokatika nikiwa na nguo moja ya kupiga pasi, siku hiyo ulisimama imara. Rimoti ilikuwa chini ya blanketi la mama mkwe, mahali ambapo mkono wa mkwe hauingii. Mgeni wa tatu alipobisha hodi niliinuka, nikasimama mbele ya TV nikijifanya nakaza waya.

"Baba Neema, kwani mgongo wako ni kioo?"

Nikasogea. Nikaangalia dari. Dari letu lina doa la mvua la umbo la Ziwa Nyasa, nililichunguza kuanzia Matema mpaka Mbamba Bay. Sebuleni visu vilikuwa vimesimama vyote. Kisha nikasikia kikohozi kidogo cha heshima.

"Nilijua si kodi," alisema mama mkwe. "Tangu yule wa kwanza. Kodi haipokelewi mlango umefungwa." Akachukua kiazi kingine.

Sijapumua vizuri, mjane akashika mkasi, akamchoma yule mgeni. Jirani alipiga yowe ambalo nina hakika lilifika Mafiati. Baada ya hapo yule mama anaketi mezani gizani, dakika kadhaa, kimya. Nasi tukaketi gizani, kimya. Jua lilikuwa limezama na hakuna aliyetaka kuinuka kuwasha taa. Wanawake wamejifunika vitenge kwa baridi, wameinamia mabeseni, wanamenya.

Hapo ndipo mjumbe wa nyumba kumi alipoingia na daftari lake la mchango wa ulinzi. Yowe alilisikia akiwa njiani. Akatazama akina mama, akatazama mabeseni, akavua kofia.

"Poleni sana."

"Asante, tumeshapoa," wakaitikia wote kwa mazoea.

"Ni nani ametutoka?"

"Mzungu mmoja," alisema mama mkwe. "Jina hata hatukulipata."

"Mzungu? Alikuwa anaishi hapa?"

"Hapana, alikuja leo tu. Mgeni wa yule mama mjane."

Mjumbe akamgeukia jirani yetu, ambaye kweli ni mjane na kweli alikuwa ameshika kisu. "Amekufaje?"

"Mkasi."

"Na mwili?"

"Bado uko chumbani."

Mjumbe aliutazama mlango wa chumba changu, kisha akanitazama mimi, kisha akaanza kutafuta simu mfukoni. "Ni filamu, mzee! Ni filamu!" nikamwonyesha TV, na sekunde ileile filamu ikaisha, kioo kikawa cheusi tii. Ilibidi niirudishe nyuma aone mkasi kwa macho yake. Akasema haelewi chanzo cha ugomvi, nirudishe nyuma zaidi. Nikarudisha. Akasema hapo chumbani hapakumkaa vizuri, nirudishe tena, yeye anataka tu ushahidi. Kofia alikuwa bado ameishika kifuani.

Mke wangu aliporudi na kuwasha taa, hakuuliza kuhusu filamu. Aliokota kiroba kitupu sakafuni, akasoma ile namba ya simu, akanitazama. Viazi vilivyomenywa havisafiri mpaka Mbagala.

Mama mkwe akasema ataongea mwenyewe na mwanawe. Alitoka nje kutafuta mtandao, upepo unavuma, anapaza sauti kama ilivyo kawaida yake kwenye simu: viazi haviji, tumevimenya vyote hapa na majirani, kuna mama mjane, kamchoma mtu mkasi, mjumbe naye amefika. Simu ikakatika.

Usiku ule majirani waliondoka na viazi kwenye masufuria, na bado ndoo ya kuogea ilikuwa imejaa. Saa tatu ikaingia meseji kutoka Mbagala: "Shemeji poleni sana na msiba. Nimetuma 20,000 ya rambirambi, marehemu ni nani?"

Mke wangu alitaka zirudishwe palepale. Mama mkwe akasema rambirambi hairudishwi, ni mkosi, na isitoshe mtu kweli amekufa. Asubuhi alizitoa kwa wakala, akanunua mafuta ya kukaangia.