Wanapanga foleni kununua muhuri

Kule San Marino, kwenye ofisi ya watalii iliyoko juu mlimani, watu wanapanga foleni wagongewe muhuri kwenye pasipoti. Wanalipa euro 5. Hakuna aliyewalazimisha, na muhuri wenyewe hauna kazi yoyote. Ni kumbukumbu ya kwenda kuwaringia wenzao nyumbani. Mbele yangu familia moja ilikuwa inapiga picha pasipoti ya mtoto wao kana kwamba kashinda mashindano ya kusoma Kurani. Mimi nimesimama na pasipoti yangu ya bluu ya Afrika Mashariki, sijui nicheke au ninune. Watu wanalipa wagongewe muhuri! Sisi tunalipa ili aliyeushika akumbuke kuwa ana mkono.

Sikununua. Euro zangu tano nilizinywea kahawa, na bado nimekasirika, ndiyo maana naandika.

Kwa wasioijua: San Marino ni jamhuri ya kilomita za mraba 61, yenye watu kama 34,000, na kila upande umezungukwa na Italia. Wenyewe wanasema ilianzishwa mwaka 301 na mchonga mawe aitwaye Marinus, aliyetoka kisiwa cha Rab ng'ambo ya bahari ya Adriatiki. Wana wakuu wa nchi wawili kwa mpigo, na wanabadilishwa kila baada ya miezi sita, tarehe 1 Aprili na 1 Oktoba. Miezi sita! Kwetu miezi sita mtu hajamaliza kupokea pongezi. Timu yao ya taifa ilikaa miaka ishirini bila kushinda mechi hata moja mpaka ilipoifunga Liechtenstein Septemba 2024, kwa hiyo wanaoisema Taifa Stars wapunguze.

Kutoka Rimini unapanda basi, linapanda mlima, haijatimia saa moja umefika. Mpakani kuna bango la kukukaribisha katika ardhi ya kale ya uhuru. Basi. Hakuna geti, hakuna kibanda, hakuna askari wa kukuuliza unakwenda kwa nani. Nchi hiyo haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na kuachiana mipaka wazi, lakini mpaka wake na Italia uko wazi, na kwa safari fupi haikutaki viza yake. Ukiwa umeingia Italia kihalali, unapanda. Mimi nina kibali changu cha ukaazi cha Italia, ile permesso tunayoililia kila inapokaribia kwisha muda, na hakuna aliyetaka kuiona.

Nilimpeleka shangazi yangu aliponitembelea. Shangazi ni wa Mkinga, kule Tanga mpakani na Kenya, amevuka mipaka tangu msichana, anajua taratibu. Ndani ya basi alikumbatia mkoba wenye pasipoti, kadi ya homa ya manjano, barua yangu ya mwaliko, na bahasha ambayo sikumuuliza ina nini. Tuliposhuka nikamwambia, haya shangazi, umeshakuwa nchi nyingine.

“Geti liko wapi?”

“Hakuna geti, shangazi.”

“Na hii mikoba anakagua nani?”

“Hakuna.”

Akaangalia nyuma, akaangalia mbele. “Sasa wanajuaje kama tumefika?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Najua kuna mtu hapo ameshaanza kuandika: huyu naye, kakaa Italia kidogo anatuletea habari za kutokuwa na geti. Subiri. Sijamaliza, na nusu ya pili haiwasifu Wazungu.

Geti la San Marino lipo. Liko Dar es Salaam, pale unapoombea viza ya Schengen ya kuingilia Italia, kwenye kiyoyozi, na unalifikia kwa miadi. Fomu, tikiti ya kwenda na kurudi, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, mahali pa kulala, alama za vidole. Ada ilikuwa euro 60 mpaka mwanzoni mwa 2020, ikawa 80, na tangu Juni 2024 ni 90. Ukinyimwa hairudi. Shangazi alipewa. Mdogo wangu, fundi friji, mwenye kibanda chake cha kazi, mke, watoto na kiwanja Pongwe, aliomba kwenye ubalozi mmoja ambao siutaji na akanyimwa. Karatasi ilisema kuna shaka ya msingi kuhusu nia yake ya kuondoka kabla viza haijaisha. Walitaka barua ya mwajiri. Mwajiri wake ni yeye. Ajiandikie barua ajiruhusu likizo? Kijana mwenye nguvu na ufundi ndiye anayeogopwa. Mama wa miaka sabini mwenye magoti mabovu ndiye anayeruhusiwa kupanda mlima.

Kwa hiyo msidhani wale wenye foleni ya muhuri wana ulimwengu usio na mipaka. Wao mpaka haujawahi kuwauliza kitu, ndiyo maana wanaununua kama kanga ya ukumbusho.

Na hata huku ndani, mpaka una miguu. Nimekaa kwenye treni, askari wanapita kwenye korido, wanavuka viti vyote na kusimama kwangu. Tangu Oktoba 2023 Italia imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Slovenia, na Ujerumani tangu Septemba 2024 inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na nchi hizo zote ni za Schengen. Wanasema ukaguzi ni wa kila abiria. Labda abiria wenzangu nao walikaguliwa nikiwa nimesinzia.

Hapa niwape la maana wale wenye jamaa wanaokuja kutembea, kwa sababu nimeona watu wakipotoshwa. Viza ya shangazi ilikuwa ya kuingia mara moja. San Marino haikuwa taabu: unatoka Italia bila kutoka, kwa maana hakuna wa kukuandika. (Usijidanganye pia kwamba ukilala kule zile siku 90 za kukaa Schengen zinasimama.) Vatikani ni hivyo hivyo, unavuka uwanja ukitokea Roma. Monaco unaingia kupitia Ufaransa. Liechtenstein ilijiunga na Schengen Desemba 2011. Lakini kuna rafiki alinishauri nimpeleke shangazi Andorra, kwamba ni nchi ndogo, kwamba ni yale yale. Si yale yale! Andorra haimo Schengen. Haina uwanja wa ndege wa abiria wala reli. Unaifikia kwa barabara ukitokea Hispania au Ufaransa, na kurudi ni kwa barabara hizo hizo. Ukivuka kuingia Andorra umetoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja haikurudishi. Yenyewe haitoi shida kukupokea; shida ni kutoka. Anayetaka kufika kule ahakikishe viza yake ni ya kuingia mara nyingi, na aiombe hivyo tangu kwenye fomu, si kumlilia dereva wa basi milimani.

Sasa turudi nyumbani, maana ndiko ninakoumia.

Shangazi ana ndugu Vanga na Lunga Lunga, upande wa Kenya. Wadigo tuko pande zote mbili, na mstari uliotugawa walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba. Hatukuulizwa, sawa, hao wameshakufa. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na tuliisaini wenyewe kwa kalamu zetu. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda wakakubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Mganda anakwenda Nairobi na kitambulisho mfukoni. Sisi Watanzania tukakaa pembeni. Shangazi akitaka kwenda kumzika binamu yake Lunga Lunga, mahali ambapo jogoo akiwika anasikika pande zote mbili, atafute pasipoti au hati ya dharura. Maiti haisubiri hati ya dharura, mnajua.

Na mnajua pia kinachotokea. Kwenye mpaka mmoja, siutaji, pasipoti yangu ilikuwa safi, kadi ya manjano safi, mzigo mwepesi. Yule bwana akaipindua kadi, akaitazama kwa nyuma, akaitazama juani. Akasema wino umefifia. Wino! Nyuma yangu kina mama na matenga ya nyanya walikuwa wanapita kichochoroni, wanamsalimia kwa jina.

Ndiyo maana nikisikia hoja ya usalama nachoka. “Bwana, San Marino ni kama tarafa, sisi tunapakana na nchi nane, tukifungua tutavamiwa.” Nimeisikia, na si hoja ya kijinga. Kuna silaha, kuna dawa za kulevya, kuna watoto wanaosafirishwa. Lakini niambie, mhalifu gani amewahi kukamatwa kwa sababu shangazi hakuwa na hati ya dharura? Mhalifu ana njia za panya, na njia za panya tunazijua sote, mpaka bei zake. Geti linamkamata yule tu aliyelifuata kwa heshima.

Mwingine atasema tumeumbwa na roho ya kufunga. Huyo naye nampinga, tena kwa hasira zaidi. Mwaka 1944, vita ilipofika kule, San Marino yenye watu kama 15,000 ilipokea wakimbizi wapatao laki moja kutoka Italia, wakalala mpaka kwenye mahandaki ya reli. Wanajivunia, na wana haki. Lakini mwishoni mwa Aprili 1994, kwenye daraja la Rusumo, Wanyarwanda kama robo milioni waliingia Tanzania kwa siku moja. Siku moja! Ngara ile, yenye visima vya kuhesabu. Ningependa nione ni nani Ulaya angewaomba taarifa ya benki. Kwa hiyo msiniambie hatujui kufungua. Tunajua kufungua mtu akikimbia kifo. Akienda harusini ndipo tunamtaka picha za pasipoti zenye mandhari ya bluu.

Pia nakiri kule Horohoro, geti letu linalotazamana na Lunga Lunga, mambo si kama zamani. Sasa mnakutana na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, na kijana aliyenihudumia mara ya mwisho alisema karibu nyumbani, akatabasamu, akanirudishia pasipoti bila kuisoma kama gazeti. Nilitaka kumkumbatia. Lakini ndugu wa shangazi, upande wa pili, bado walikuwa wanasubiri mtu mwenye karatasi ya kumleta mgonjwa hospitali ya Bombo, na tabasamu la yule kijana halikuwa sheria.

Wa kuniambia nimekuwa Mzungu, nawashukuru. Waambieni na wale askari wa treni, labda watapunguza kunisimamia. Na wa kuniambia kama naona uchungu nirudi nikagombee ubunge, ujumbe wenu nimeupata tangu mwaka jana. Mkinga ina mbunge tayari. Muulizeni yeye kitambulisho cha NIDA kitaanza lini kupita Horohoro.