Kasualti ikiwa tupu, uliza nani hajafika

Kuna hoja naisikia kila tukikumbuka korona, eti 2020 kasualti, yani vitengo vya dharura hospitalini, zilipungua watu kwa sababu wengi wetu tulikua tunaenda hospitali bila maana, kimafua kidogo mtu ashapanga foleni. Siikatai yote. Marekani waliofika dharura kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili 2020 walishuka 42% kulinganisha na mwaka uliotangulia, yani kutoka kama milioni 2.1 kwa wiki mpaka 1.2, na walioshuka zaidi ni watoto wa miaka 10 kurudi chini, 72%. Hapo kuna ukweli: shule zimefungwa, hawaambukizani mafua, hawavunjiki mikono uwanjani, sasa wa kuletwa atoke wapi?

Lakini moyo je? Moyo haujui lokdauni. Kule kule Marekani, ndani ya wiki 10 za kwanza baada ya korona kutangazwa dharura ya kitaifa, waliokuja na shambulio la moyo walipungua 23% na wa kiharusi 20% ukilinganisha na wiki 10 za kabla, na mtu wa kiharusi huwezi kuniambia alikua anazoea hospitali, huyo aliogopa korona akabaki kitandani akisema itapoa.

Alafu kuna ambaye haogopi, hana tu njia ya kufika. Nairobi kafyu ilianza 27 Machi, saa moja jioni mpaka kumi na moja alfajiri. Mwenye gari lake angalau ana pa kuanzia, ila mama wa mtaa wa mabanda wa Mathare uchungu umemshika saa nne usiku, matatu hakuna, wa boda anaogopa polisi, mume amesimama mlangoni na simu anapigia kila namba anayoijua na mkewe ameshika ukuta. Daktari Jemimah Kariuki aliliona hilo kazini, usiku kina mama wamepungua na wanaofika wanafika na matatizo makubwa, ndo akaanzisha Wheels for Life, mama alikua anapiga simu bure, anaongea na daktari, ikibidi anatumiwa gari.

Mimi kafyu siipingi, ugonjwa ulikua mpya na wodi zilikua chache. Ila gari la huyo mama lilifaa kutangazwa jioni ileile kafyu ilipotangazwa, kwa pesa ya serikali, si kungoja daktari mmoja aone wanawake wanaumia ndo aanze kutafuta madereva.