Mikisi ya salsa, soul na haus si kachumbari

Lawama dhidi ya albamu za mikisi ni ya siku nyingi: DJ anachukua nyimbo za watu, anazikata mikia, kisha jina lake ndilo linaandikwa kubwa kwenye jalada. Zile zinazochanganya muziki wa Kilatini, soul na wa kielektroniki ndizo husemwa vibaya zaidi. Kachumbari, wanasema: kila kitu kimo, hakuna kilichopikwa.

Nusu ya lawama hiyo ni ya haki. Nusu nyingine inatoka kwa watu ambao hawajawahi kuangalia kinachofanyika kwenye maungio.

Chukua salsa inayokwenda mapigo 184 kwa dakika. Ukiihesabu kwa nusu ni 92, mwendo unaokaa vizuri na biti za kielektroniki za taratibu. Sasa haus, muziki wa dansi wa kielektroniki, iko kwenye 122. Kidhibiti cha kasi cha Technics SL-1200MK2, ile mashine ya santuri iliyotoka 1979, kinaongeza au kupunguza asilimia 8 tu, kwa hiyo 92 inaishia 99. Hata hapo sauti imeshapanda kwa zaidi ya nusu toni na mwimbaji anasikika kama kabanwa pua. Kompyuta inaweza kuizuia sauti isipande, ila konga, ile ngoma ya kupigwa kwa mikono, ikivutwa mno, kofi la kiganja kwenye ngozi linafifia na kubaki mvumo. Mjuzi halazimishi. Anapitia kwenye soul: 99, 105, 112, 118, wimbo kwa wimbo, mpaka haus inapoingia mguu wa msikilizaji umeshafika.

Soul nayo ina ujanja wake. Santuri za miaka ya 1960 zilipigwa na mpiga ngoma aliye hai, bila mashine ya kumshikia mwendo, hivyo wimbo unaoanza na 112 waweza kufika kiitikio ukiwa 113. Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Iache kwa mapigo 32, sawa na sekunde 17 hivi, na ngoma mbili zitakuwa zimepishana kwa sekunde 0.15: utasikia kama farasi anayejikwaa. Ndiyo maana kidole hakitoki kwenye ukingo wa sahani. Besi nazo haziruhusiwi kupiga mbili kwa pamoja. Ya wimbo unaoingia hufungwa kabisa, kisha zinabadilishana mahali mzunguko mpya unapoanza.

Kisha kuna klave, na hapa ndipo wengi huumbuka. Ni mapigo matano ya vijiti ndani ya hesabu ya nane: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Msikilizaji wa rumba ya Kongo anaufahamu mpigo huo hata kama hajui jina lake, maana santuri za G.V. zilizobeba muziki wa Kuba zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Ukiingiza wimbo wa pili ukiwa umekosea hesabu nne, tatu ya huku inagongana na mbili ya kule. Kasi ni sawa, ufunguo ni sawa, na bado sakafu nzima inahisi kuna kitu kimepinda. Haus, ambayo kiki yake, yaani pigo la ngoma kubwa, haina upande, ndiyo daraja la kutokea.

Tena hizi familia tatu hazikukutanishwa na DJ. Boogaloo ya New York katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa tayari soul na Kilatini katika chungu kimoja. Louie Vega wa Masters at Work, watayarishaji wawili wa haus wa New York, ni mpwa wa mwimbaji wa salsa Héctor Lavoe. Yeye na mwenzake Kenny Gonzalez walipowaita Tito Puente wa muziki wa Kilatini na Roy Ayers wa soul na jazi kwenye albamu ya Nuyorican Soul ya 1997, hawakuwa wanaunganisha wageni.

Inayobaki ni pesa, na hapo kuna hesabu moja isiyonitoka. Ndugu Dewaele wa Ubelgiji walipotoa mikisi yao kama 2 Many DJs mwaka 2002, waliandika kwenye jalada kwamba waliomba ruhusa ya nyimbo 187. Wakakubaliwa 114, wakakataliwa 62, na wamiliki wa 11 hawakupatikana. Yaani theluthi nzima iliondolewa na ofisi, si na sikio. Na wimbo wa tisa ukikataliwa, wa nane na wa kumi lazima wakutane, hata kama besi zao haziivi. Mikisi ya bure ya mtandaoni haina shida hiyo. Inachukua zote 187 bila kuuliza. Anayemwita DJ wa albamu mwizi angeanzia huko.

Lakini wimbo wa dakika sita kupewa sekunde 50 ni dhuluma, ruhusa au bila ruhusa. Kwenye salsa hasa, mwimbaji huanza kubuni papo kwa papo baada ya katikati, na mikisi nyingi huwa zimeshahama. Dakika 80 za diski zinatosha nyimbo 18 zenye kupumua. Mimi ningechagua 18.

Zile 11 ambazo wamiliki wake hawakupatikana nazo hazinitoki kichwani. Lebo za Kilatini zimehama mikono sana. Fania, iliyoanzishwa 1964, imebadili wamiliki zaidi ya mara moja hadi ikafika kwa kampuni ya Concord mwaka 2018. Hiyo ni kubwa, ina anwani. Lebo ndogo ya mtaani iliyotoa santuri chache ikafunga, DJ anayetaka kuilipa abishe hodi mlango upi?